Puta ndefu isihukumiwe kwa urefu wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa na gazeti lako wiki iliyopita kuhusu kuongezeka kwa puta ndefu katika gofu ya kulipwa. Mwandishi wa makala hiyo alipendekeza kwamba vyombo viwili vinavyotunga kanuni za mchezo huu duniani, yaani R&A na USGA, viweke kikomo cha urefu wa puta ili fimbo zinazofika kifuani na kidevuni zitoweke kabisa viwanjani. Nimeisoma makala hiyo mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nakubaliana naye kwamba kanuni ya sasa, ile inayokataza kuikita puta mwilini, ina tundu, lakini naona anahangaika kuziba tundu lisilovuja na kuliacha wazi lile linalovuja.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawachezi gofu, puta ni ile fimbo ya kuviringishia mpira kwenye grini, mahali penye nyasi zilizokatwa chini kabisa, ambapo shimo limechimbwa. Puta ya kawaida ina urefu wa inchi 33 hadi 35 hivi, na mchezaji huishika kwa mikono miwili iliyokaribiana huku ameinama. Puta ya tumboni, ambayo huwa na inchi 41 hadi 44, ilipata jina lake kwa sababu ncha ya mpini wake ilikuwa ikikitwa karibu na kitovu. Ile ndefu kuliko zote, ambayo wachezaji wenyewe huiita ufagio, hufika inchi 48 hadi 52. Anayeitumia husimama karibu wima, mkono mmoja ukiwa juu jirani na kifua au kidevu, na mwingine ukiwa chini ukiiendesha fimbo. Asije mtu akadhani kwamba tunabishana juu ya jambo la pembeni. Uwanja wa mipigo 72 umepangwa kwa hesabu ya mipigo miwili ya puta katika kila shimo kati ya mashimo 18, ambayo ni mipigo 36, nusu ya mchezo mzima.

Mwandishi alisema kwamba puta ndefu "inarahisisha" mchezo, kisha akaendelea na mengine bila kueleza inaurahisisha vipi. Hapo ndipo nilipoanza kutofautiana naye, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua nini kipigwe marufuku na nini kiachwe. Puta fupi haina egemeo moja. Mabega hubembea, viwiko vinaweza kukunjika, vifundo vya mikono vinaweza kupinda, na viungo vyote hivyo havina budi kukubaliana ili uso wa puta urudi kwenye mpira ukiwa umeelekea kule mchezaji anakotaka. Ukikosea mwelekeo wa uso huo kwa digrii moja tu, mpira unaosafiri mita nne hutua sentimita saba hivi kando ya mstari wake. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, kwa hiyo kutoka katikati yake hadi ukingoni hazifiki hata sentimita tano na nusu. Digrii moja, na umekosa.

Sasa chukua fimbo, uikite ncha yake tumboni au uubane mkono wa juu kwenye kifua. Mwili umekuwa fremu na fimbo imekuwa mlango uliotiwa bawaba. Inabaki kuusukuma tu, nao utakwenda na kurudi katika njia ileile. Vifundo vya mikono, ambavyo ndivyo hutetemeka mchezaji anapokuwa na hofu, havina tena kazi kubwa ya kufanya. Kwa hiyo kinachorahisisha mchezo ni bawaba hiyo. Urefu wa mpini ni njia mojawapo ya kuifikisha bawaba mahali pake, na kama nitakavyoonyesha, si njia pekee.

Waliozianzisha puta hizi hawakuwa wajanja waliotafuta mlango wa nyuma. Charlie Owens, Mmarekani Mweusi aliyeumia goti akiwa askari wa miavuli, alishinda mashindano mawili ya wachezaji wakongwe mwaka 1986 akitumia puta ndefu, mguu wake wa kushoto ukiwa haukunjiki gotini. Orville Moody, aliyekuwa bingwa wa US Open mwaka 1969 na ambaye kila mtu alijua kwamba udhaifu wake ulikuwa kwenye grini, alishinda US Senior Open mwaka 1989 kwa ufagio. Palikuwa na manung'uniko, na USGA ikaamua kuiacha fimbo hiyo iendelee. Barani Ulaya, Sam Torrance alikuwa akiikita yake kidevuni. Rocco Mediate akashinda shindano la PGA Tour, ule mfululizo mkuu wa gofu ya kulipwa nchini Marekani, kwa puta ndefu mwaka 1991, na Paul Azinger akafanya hivyo kwa puta ya tumboni huko Hawaii mwaka 2000. Watu walitazama, wakacheka kidogo, wakaendelea na shughuli zao. Kwa muda mrefu fimbo hizi zilionekana kama magongo ya kutembelea, na hakuna mtu mwenye haya anayemnyang'anya mgonjwa gongo lake.

Kilichobadilisha mambo ni ushindi wa vijana wenye afya. Agosti 2011 Keegan Bradley alishinda PGA Championship kwa puta ya tumboni, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa aina hiyo katika mashindano makuu manne. Mwaka uliofuata Webb Simpson alichukua US Open na Ernie Els akachukua The Open huko Royal Lytham & St Annes, wote wawili wakiwa na puta za tumboni; aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Els, Adam Scott, alikuwa na ufagio, ingawa ufagio huo haukumwokoa alipopoteza mpigo mmoja katika kila shimo kati ya manne ya mwisho. Scott huyohuyo akarudi Aprili 2013 akashinda Masters, akawa Mwaustralia wa kwanza kulivaa koti la kijani analovishwa bingwa wa shindano hilo. Hesabu hapo ni mashindano makuu manne kati ya sita yaliyofuatana. Katika mashindano ya PGA Tour, wastani wa wachezaji waliokita puta ulikuwa asilimia 6 hivi kati ya mwaka 2006 na 2010. Mwaka 2011 ukafika asilimia 11, na mwaka 2012 asilimia 15. Tena alitokea mtoto wa Kichina wa miaka 14, Guan Tianlang, ambaye alifuzu kucheza Masters ya 2013 akiwa na puta ya tumboni, na licha ya kuadhibiwa mpigo mmoja kwa kucheza polepole, alimudu kubaki hadi siku ya mwisho. Kwa maoni yangu mtoto huyo aliwatisha wasimamizi kuliko mabingwa wote wanne. Bingwa mzima anaweza kusemwa kwamba ameikimbilia puta ndefu baada ya kushindwa na fupi, lakini mtoto wa miaka 14 hajakimbia kitu; yeye ameanza safari akiwa na bawaba tumboni.

Novemba 2012 R&A na USGA zilitangaza pendekezo lao, Mei 2013 zikalipitisha, na tarehe 1 Januari 2016 marufuku ya kukita puta ikaanza kutumika. Hapa mwandishi wa makala alifanya kosa ambalo limeenea mno hata miongoni mwa watu wa gofu: alisema kwamba mwaka 2016 puta ndefu zilipigwa marufuku, kisha akashangaa kuziona zimerudi. Hazikupigwa marufuku hata siku moja. Kilichokatazwa ni kuishikiza fimbo, au mkono unaoishika, kwenye mwili, na vilevile kuubana mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo kwenye mwili ili kiganja cha juu kiwe egemeo. Mtu anayetaka kutumia ufagio wa inchi 52 anaruhusiwa, mradi mkono wa juu uelee hewani mbele ya kifua bila kukigusa.

Naomba nikae kidogo hapo, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kujaribu hawezi kujua ni tofauti kubwa kiasi gani. Mkono wa juu ukielea, fimbo ndefu inakuwa nzito na yenye ukaidi. Pumzi unayovuta inaufikia mkono, upepo unaufikia, na kile kidole kinachotetemeka hakina mahali pa kujificha. Ni kweli kwamba mikono iliyotenganishwa haigombani kama ile iliyoungana, na kwamba kusimama wima ni nafuu kwa mgongo na huyapa macho nafasi nzuri juu ya mstari wa mpira. Lakini bawaba imeng'olewa. Lucas Glover, bingwa wa US Open wa mwaka 2009, aliteseka miaka mingi kwa ule ugonjwa wa mikono kushtuka wakati wa kupiga ambao wachezaji huuita yipsi, akachukua puta ndefu mwaka 2023 na kushinda mashindano mawili ya PGA Tour katika wiki mbili zilizofuatana za mwezi Agosti, mkono wake ukiwa mbali na kifua, na kamera zikimtazama kutoka kila upande. Mwaka uliofuata Akshay Bhatia, kijana aliyezaliwa mwaka 2002, alishinda Valero Texas Open kwa ufagio vivyo hivyo. Adam Scott, ambaye wengi walitabiri kwamba marufuku ingemmaliza, alishinda mara mbili mfululizo mwanzoni mwa mwaka 2016 kwa puta fupi, kisha akarudia ufagio bila kuukita na kushinda Genesis Invitational mwaka 2020. Nashindwa kuona ni kwa msingi gani tutawaambia watu hawa kwamba wanadanganya. Wanafanya hasa kile ambacho kanuni iliwataka wafanye: wanaibembeza fimbo kwa mikono yao miwili, huru, mbali na mwili.

Tena mwandishi ajue kwamba hata wakati kukita kuliporuhusiwa, waliokuwa wakikita hawakuutawala mchezo. Mwaka 2011 aliyeongoza takwimu za PGA Tour za mipigo inayookolewa kwa puta alikuwa Luke Donald, na mwaka 2012 alikuwa Brandt Snedeker, na wote wawili walitumia puta fupi za kawaida. Wasimamizi wenyewe hawakudai kwamba wana ushahidi wa takwimu. Walisema wanalinda maana ya mpigo wa gofu, kwamba mpigo ni kuibembeza fimbo kwa mikono na si kuifunga mwilini. Hoja hiyo ilinishinda nguvu hata mimi niliyekuwa upande wa pili. Nilimhurumia Tim Clark wa Afrika Kusini, mshindi wa Players Championship ya mwaka 2010, ambaye kwa maumbile ya kuzaliwa mikono yake haiwezi kugeuka hadi viganja vitazame juu, na ambaye aliipinga marufuku hiyo waziwazi. Nilikuwa, na ningali, naamini kwamba ilimwonea. Hata hivyo kanuni ya mchezo haiwezi kutungwa kwa kumtazama mtu mmoja, na baada ya miaka kadhaa nilikiri kwamba mpaka ulichorwa karibu na mahali palipostahili.

Nasema karibu, kwa sababu walipofika kwenye mkono waliteleza. Kanuni ya 10.1b, kama inavyosomeka tangu kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2019, inakataza kuishikiza fimbo kwenye sehemu yoyote ya mwili, kisha inaweka mabano: isipokuwa fimbo, au kiganja kinachoishika, yaweza kushikizwa kwenye kiganja au kwenye mkono wa mchezaji, sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Mabano hayo ndiyo tundu linalovuja. Kupitia hapo umeingia mtindo ambao mwandishi hakuutaja hata kwa neno moja, yaani ule wa kuchukua puta yenye inchi 40 au zaidi kidogo na kuulaza mpini wake juu ya mkono wa mbele hadi karibu na kiwiko, ukaufunga hapo kama daktari anavyofunga mkono uliovunjika kwenye kibao. Matt Kuchar alikuwa akicheza hivyo hata kabla ya marufuku. Webb Simpson, alipolazimika kuiacha puta ya tumboni, alihamia huko na akashinda Players Championship mwaka 2018. Bryson DeChambeau alishinda US Open ya mwaka 2020 pale Winged Foot kwa mtindo huohuo.

Sisemi kwamba wachezaji hawa wamevunja kanuni; wameitii herufi kwa herufi. Nasema kwamba kanuni iliyotungwa ili kukirudishia kifundo cha mkono mtihani wake imeandika ndani yake ruhusa ya kukikwepa. Puta iliyofungwa kwenye mkono haiachii kifundo nafasi ya kupinda hata kidogo. Najua jibu la watetezi wake, na si jibu la kipuuzi: wanasema kwamba mkono wenyewe unatembea pamoja na fimbo, kwa hiyo hakuna nukta iliyosimama tuli kama kitovu au kifua, na bila nukta tuli hakuna egemeo. Kwa lugha ya fizikia wana haki. Lakini mpini unaoungwa na mkono huwa kitu kimoja kirefu kinachoning'inia begani, na bega ndilo linalokuwa bawaba. Kilichofanyika ni kuihamisha bawaba kutoka tumboni kwenda begani. Nimewahi pia kuambiwa kwamba wale wanaoshika puta fupi kwa vidole kama makucha, au wanaoweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia, nao wanajaribu kukituliza kifundo, na kwamba nikikataa hili nikatae na lile. Sikubali. Wao wanakituliza kwa namna wanavyoshika, vidole na viganja vikifanya kazi yote, na siku wakitetemeka fimbo hutetemeka pamoja nao.

Sasa niirudie hoja ya urefu. Kanuni za vifaa zinaweka kikomo cha inchi 48 kwa fimbo zote isipokuwa puta, na tangu mwaka 2022 mashindano ya kulipwa yanaweza kutumia kanuni ya ziada inayoshusha kikomo hicho hadi inchi 46, nayo pia haiigusi puta. Mwandishi anauliza kwa nini puta ipewe upendeleo. Kwa sababu, bwana mwandishi, urefu wa fimbo nyingine unahusu umbali ambao mpira utaruka, na kwenye grini hakuna anayetafuta umbali. Kisha jiulize kikomo hicho utakiweka wapi. Ukikiweka kwenye inchi 46 utawaondoa wenye fagio, ambao hawakiti kitu, na utawaacha wote wanaofunga mpini kwenye mkono. Ukikishusha hadi 38 ili uwanase na hao, mtu mfupi ataendelea kuufunga mpini wake kwa raha, ilhali mtu mrefu mwenye maumivu ya mgongo ataamriwa ainame. Na hata puta ya inchi 35 inaweza kukitwa tumboni na mtu aliye tayari kuinama vya kutosha. Rula haiwezi kupima kitendo.

Wasimamizi wa zamani walilijua hili. Katika miaka ya 1960 Sam Snead, vidole vyake vilipoanza kumsaliti, alizoea kusimama huku ameuweka mstari wa mpira katikati ya miguu yake na kuupiga mpira kwa kuusogeza mbele, kama mtu anayecheza kroketi, ule mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo ya mti. Kuanzia mwaka 1968 kanuni ikakataza kusimama hivyo. Haikumwekea Snead kikomo cha urefu wa fimbo. Ilimwambia miguu iwe wapi, naye akaigeuza miguu yake upande mmoja wa mstari na kuendelea kupiga akiwa amelielekea shimo. Katazo hilo lipo hadi leo na sijawahi kusikia likizua ugomvi, maana mtu yeyote aliye kando ya grini anaona miguu ya mchezaji ilipo.

Na hapo, Mhariri, nakiri kwamba kanuni ya kukita ina udhaifu wa pili ambao makala iliugusa kwa haki, ingawa kwa ukali uliopitiliza. Kanuni inasema kwamba fimbo au mkono ukigusa tu mwili au nguo, bila kushikizwa, hakuna kosa. Kugusa na kushikiza vinatofautishwa na nia, na nia iko ndani ya kifua cha mtu. Mwaka 2017 watazamaji wengi walizikuza picha za Bernhard Langer na Scott McCarron katika mashindano ya wakongwe, wakadai kwamba mikono yao ilikuwa imeegemea shati. USGA ilitoa kauli kwamba imeridhika kuwa hakuna kati yao aliyevunja kanuni. Langer, ambaye yipsi ilimwandama tangu ujana wake na bado akashinda Masters mara mbili, mwaka 1985 na 1993, aliendelea na ufagio wake hadi akashinda US Senior Open mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 65, na kufikisha ushindi wa 46, ambao wakati huo ulikuwa rekodi ya mashindano hayo ya wakongwe. Namwamini Langer. Lakini sipendi kanuni inayonilazimu kumwamini mtu ndipo nijue kama ameshinda kihalali.

Nina sababu yangu binafsi ya kulisema hilo. Mimi ni mchezaji wa ridhaa mwenye umri wa kustaafu, na nimetumia ufagio kwa miaka sita. Kabla ya hapo mkono wangu wa kulia ulikuwa ukishtuka kama mtu aliyeguswa na umeme, katika nukta ileile ambayo puta inafika kwenye mpira, na mpira wa nusu mita ulikuwa unanipita kando ya shimo mbele ya watu waliokuwa wakijifanya wanatazama pengine. Ufagio uliniponya kwa kiasi fulani; siku za baridi bado nashtuka. Katika shindano moja la klabu, nikiwa nimevaa sweta pana, mshindani wangu alinisimamisha baada ya shimo la kumi na moja na kusema kwamba ameuona mkono wangu ukiegemea kifua. Msimamizi wa siku hiyo aliniuliza kama nilikusudia. Nikasema hapana. Akasema basi tuendelee. Sikuadhibiwa mipigo miwili, lakini mashimo saba yaliyobaki nilicheza nikiwa nimeusukuma mkono mbele kiasi cha ngumi nzima, nikiwa na hasira, na nilipomaliza mshindani wangu alinipa mkono kama anayempa mtu aliyeachiwa na mahakama kwa kukosekana ushahidi. Tangu siku hiyo nacheza na pengo la ngumi moja, na sweta lile nililiacha nyumbani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa R&A na USGA, na kwa mwandishi wako kama atakubali kulifikiria, ni kwamba puta ndefu iachwe na urefu wake, ila maneno ya Kanuni ya 10.1b yarekebishwe mahali pawili. Kwanza yaondolewe yale mabano yanayoruhusu mpini kushikizwa kwenye mkono, ili fimbo iguswe na viganja na vidole tu. Pili, kwa viganja vinavyoshika fimbo peke yake, kugusa kiwiliwili wakati wa mpigo kuwe kosa lenyewe, pasipo kuuliza nia. Nguo inayopeperuka au kulegea isihesabiwe, na viwiko vya wale wanaocheza na puta fupi vibaki kama vilivyo, maana wengi wao huvibana ubavuni bila kupata egemeo lolote. Najua kwamba watakaofunga mpini kwenye mkono wakati kanuni inabadilika watastahili muda wa kujirekebisha, na miaka miwili na nusu iliyotolewa kati ya 2013 na 2016 ilionekana kutosha.

Mwandishi wa makala ile aliandika kwamba anayeishika puta ndefu "amekwisha kuikwepa hofu". Kama klabu yake iko tayari kumkopesha ufagio, namkaribisha tucheze mashimo tisa siku yoyote apendayo. Nitampimia mita mbili kutoka shimoni, nitamwomba aweke pengo la ngumi kati ya mkono wake wa juu na kifua, nami nitasimama kando nikimtazama vidole.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mchezaji wa ridhaa